Alama ya Mathe

Chupa ya arki ya vanila iliisha wiki ya Idd kubwa, asubuhi, Sikitu akiwa ameshachekecha unga. Aliigeuza juu chini, akaipiga kofi kwenye kitako, akatia humo kijiko cha maji na kuitikisa ili kusuuza harufu iliyobaki, na alichopata ni maji yenye rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Nje, ukungu wa Butembo ulikuwa bado umekalia mabati. Akafunika bakuli la unga kwa sahani, akajifunga mtandio wa sufu, akatoka kwenda madukani.

Sikitu alizaliwa Ujiji, na kwao keki ya Idd haijadiliwi. Mama yake aliioka kwenye sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko, na kabla ya kuvunja mayai alifungua kichupa cha arki akamnusisha kila mtoto, kwa zamu, kama anayegawa dawa. Kwa Sikitu hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yenyewe. Nguo mpya zilikuja baadaye. Jamali alipomwoa, akamvusha ziwa na kumleta kwenye milima hii ya Kongo ambako watu wanavaa makoti mwezi wa sita, Sikitu alifungasha vichupa vya arki katikati ya khanga zake, na miaka yote alivitumia kwa ubahili wa mtu anayejua duka liko mbali. Kilichoisha asubuhi ile ndicho kilikuwa cha mwisho.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na hakuna kitu kinachouzwa Dubai ambacho hakijafika kwenye maduka yake. Sikitu aliona marumaru, vipuri vya pikipiki, mapazia yenye nyuzi za dhahabu. Alipata beking poda. Alipata iliki iliyotoka Uganda, tena nzuri. Vanila hakuipata. Duka moja lilimpa kipaketi cha unga mweupe kilichoandikwa vanille. Akaunusa, akakumbuka sabuni ya kudekia wodi, akaurudisha kwa adabu.

Mwenye duka la mwisho, mama mnene aliyechomeka kalamu kwenye kilemba, alimwonea huruma.

"Vanille ya kweli? Mama, ile hapana ya kula," alisema. "Ile ni ya kutuma ku Bulaya."

"Kwani inatoka wapi?"

"Si hapa tu, ku Beni. Inaota mingi kabisa."

"Inaota hapa, na hapa hamna?"

"Njo vile," alisema yule mama, yaani ndivyo ilivyo, akamuuzia chumvi.

Sikitu alirudi nyumbani amekasirika, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani. Basi akaielekeza kwa mumewe. Jamali alikuwa na lori, na lori hilo kila wiki lilipakia kakao na vanila Beni, kwenye depo ya bwana mmoja aitwaye Abdias, na kuzifikisha Kasindi mpakani. Miaka yote hiyo, Sikitu alimwambia, umelala kitanda kimoja na mimi ukinuka vanila na hukusema. Jamali alijibu kwamba alidhani ni harufu ya dizeli. Kesho yake alirudi kutoka Beni na kifungu kidogo kilichofungwa kwa uzi.

Sikitu alikuwa hajawahi kuiona vanila. Kwake vanila ilikuwa maji. Alichokuta kwenye karatasi ni vijiti vyeusi, virefu, vyenye mafuta, vilivyosinyaa. Kisha akavinusa, na ikabidi akae. Harufu ya kichupa cha mama yake ilikuwamo, lakini kumbe miaka yote ilikuwa ikisikika kutoka nyuma ya mlango, na sasa mlango ulikuwa wazi. Machozi yakamtoka bila kumuaga. Alikaa hivyo muda mrefu, kijiti puani, unga haujaguswa.

Alipofuta macho ndipo akaona matundu. Kila kijiti, karibu na kichwa, kilikuwa na vitundu vidogo vya kovu: vitatu pembeni, kimoja katikati. Sikitu alilelewa kwenye nyumba ya kuchagua mchele na kupepeta maharage. Tundu kwenye chakula alilijua lina mwenyewe ndani. Hakuwa tayari kuwalisha wageni wa Idd wadudu. Akavifunga tena vile vijiti vyote, akamwambia Jamali avirudishe Beni na amwambie Abdias kwamba mke wake si mgeni wa mambo ya jikoni.

Jamali alirudi navyo vilevile.

"Abdias alicheka mupaka akaikala chini," alisema. "Ile haiko tundu ya wadudu, mama Aisha. Ni alama ya mwenye shamba. Banatobolaka vanille na sindano ikingali mubichi, juu mwizi asiiuzishe. Ikikauka, alama inabakia."

"Na mwenye shamba ni nani?"

"Mwenye shamba ni mwenye shamba. Miye nitajulia wapi?"

Siku ya Arafa Sikitu alifunga, kama kila mwaka, na akaoka akiwa amefunga. Alipasua vijiti kwa ncha ya kisu, akakwangua mbegu nyeusi zilizo ndogo kuliko vumbi, akazichanganya na siagi na sukari. Makaa juu, makaa chini. Keki iliumuka vizuri, na alipoigeuza kwenye sinia ilikuwa na rangi ya kahawia kutoka ukingo hadi ukingo. Kilichobaki ni mtu wa kuionja, na mtu mwenyewe alikuwa anabisha hodi na trei ya mayai.

Huyo alikuwa Séphora, jirani wa chumba cha kupanga, Mkatoliki, mtu wa kijiji cha nyuma ya Beni, upande wa msitu. Watu wenye bunduki walipoingia huko, yeye na mumewe Mathe walikimbia pamoja hadi Beni. Walipofika, Mathe alikumbuka kwamba maua ya vanila yake yalikuwa yameanza kufunguka, akarudi. Hakuonekana tena. Hakuna aliyeuona mwili, na bila mwili ukoo wa Mathe haukukubali kilio kikaliwe. Kwa hiyo Séphora hakuwa mke na hakuwa mjane, alikuwa muuza mayai. Alilolitaka duniani lilikuwa moja, na alimwambia kila aliyemuuliza hali: amtoe Mathe kule aliko, amlaze chini, amlilie kama watu wanavyoliliwa.

Sikitu alimkaribisha kiti akamwambia aonje, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi. Séphora alikuwa bado amesimama. Alikuwa anaangalia vijiti viwili vilivyobaki mezani. Alikichukua kimoja, akakipeleka dirishani, kisha akaingiza mkono kifuani na kutoa kizibo cha chupa kilichochomekwa sindano nne. Akazibandika sindano kwenye vile vitundu. Ziliingia bila kusukumwa.

"Ni ya Mathe," alisema.

"Kumbe," alisema Sikitu.

"Lakini hii ni ya musimu ya juzi. Mathe alishapoteaka kabla ya ile musimu." Séphora alikipangusa kizibo kwa kona ya kitenge. "Siku ya kukimbia, batu babebaka feza, babebaka batoto. Miye nilijikuta na hii mu mukono. Na kila asubui sindano inakuwaka na maji-maji ya vanille. Napangusa, kesho inaloana tena."

Sikitu alizitazama zile sindano. Zilikuwa na utomvu wa kijani, mbichi, na vidole vya Séphora vilikuwa na vipele, maana utomvu wa vanila unawasha. Alikuwa ameviona vipele hivyo tangu zamani akidhani ni vya sabuni. Akamshauri apake mafuta ya mawese, kisha akaikata keki.

Kisu kilipoingia, ukungu ulitoka. Haukuwa mvuke wa moto. Ulikuwa ukungu wa asubuhi, baridi, wenye harufu ya majani yaliyolowa, nao ulitambaa juu ya meza ukashuka hadi sakafuni. Séphora aliketi, akaweka kipande mdomoni, na kiti kikabaki kitupu. Sikitu alikimenya kitunguu, akakimenya na kingine. Kiti kilipojaa tena, miguu ya Séphora ilikuwa na tope jeusi hadi kwenye vifundo, tope la msituni, si vumbi jekundu la Butembo, na jani lilikuwa limenasa kwenye kilemba chake.

"Eko kule," alisema. "Eko anaozesha maua na mukono, ipate kuzaa. Alisema nisimame pembeni, nisikanyage mizizi."

Kisha akalia, kwa sauti, mikono kichwani, na Sikitu akamletea beseni la maji ya moto kwa ajili ya miguu.

Siku ya Idd walikuja wageni wengi. Walikula pilau, walisifu nyama, na keki ilipopitishwa viti vilianza kuachwa na kukaliwa tena. Mke wa imamu alirudi na mkia wa mmea wa kutambaa kwenye ushungi, akautoa akauweka pembeni ya sahani kama mtu anayetoa mwiba wa samaki. Mzee mmoja aliuliza kama kuna maji ya kusafishia viatu. Wote walikubaliana kwamba keki ni tamu ila ina unyevu kidogo. Hakuna aliyeuliza lile shamba ni la nani, kwa sababu kila mmoja alikwenda akakuta mtu ana kazi zake, na si adabu kumsumbua mtu mwenye kazi.

Jamali alikataa kuonja. Alisema tumbo limejaa.

Wageni walipoondoka Sikitu alikaa na Séphora jikoni, wakagawana vipande vya mwisho. Alikuwa na tamaa yake, na aliiona aibu: alitumaini kwamba yeye keki itampeleka Ujiji, kwa mama yake, kwenye sufuria ya mchanga. Alifumba macho akatafuna.

Haikuwa Ujiji. Miti ilisimama kwa mistari kwenye ukungu, na kila mti ulikuwa umepandwa na mtambaazi mnene wa kijani uliojikunja, ukashuka, ukapanda tena. Juu yake maua yalikuwa yanafunguka. Yalikuwa ya rangi ya nta, maelfu, na yalifunguka kimyakimya mbele ya macho yake hadi mbali alipoishia kuona. Sikitu hakuwahi kufikiria kwamba kile kichupa cha kahawia kilianzia kwenye ua. Alijikuta anasema Subhanallah, polepole, mara nyingi, na hakuweza kuacha. Alivua viatu, bila kujua kwa nini, akasimama kwenye umande.

Mathe alikuwa mwanamume mfupi mwenye shati la bluu. Kifuani shati lilikuwa na matundu, na mtu akiangalia kupitia humo aliona majani yaliyokuwa nyuma yake. Mkononi alishika mwiba wa mchungwa. Alishika ua, akainua kwa mwiba kile kiulimi cha ndani, akaminya kwa dole gumba, akahamia lingine. Alifanya hivyo kwa upole mkubwa, kama anayewafunga watoto vifungo.

"Wavukire, mama," alimwamkia Sikitu kwa Kinande. Kisha akamtazama mkewe. "Séphora, umekonda."

"Twende, Mathe."

"Asubui hii? Unaona maua."

"Ulikufa, Mathe."

"Najua. Nilikufaka mu musimu ya maua. Lakini maua haikujua." Aliinua lingine. "Ua inafunguka siku moja tu, Séphora wangu. Saa sita ya muchana inanyauka. Nani ataiozesha?"

Sikitu aliuliza wale wenye bunduki wako wapi. Mathe alionyesha kwa kidevu upande wa nyumba yake, ambako moshi wa kupikia ulikuwa unapanda. Wako, alisema. Wanavuna, wanakausha, wanapeleka. Mwanzoni walimpiga risasi tena, wakaona ni hasara. "Mukubwa yao alisema: huyu mumuache, njo anajua kazi. Hapana kula, hapana kulala, hapana kulipwa."

"Na alama?" aliuliza Sikitu. "Kwa nini unawawekea alama?"

Hapo Mathe alisimama. "Hapana kubawekea. Najiwekea. Mutu akiweka alama, anangojea kuitikiwa." Aliugeuza mwiba mkononi. "Siku mutu mwenye ananunua atasema hii ni ya Mathe, nitaacha. Nitalala. Batanilia."

Utamu ulikuwa unaisha mdomoni. Sikitu alijitahidi kuubakiza chini ya ulimi, lakini tayari alikuwa anaanza kuona sinki la jikoni kwake, na vyombo vya Idd.

Sikitu na Séphora walipanda lori la Jamali kwenda Beni wiki ileile. Jamali hakuwazuia. Njiani alisema mara moja tu, macho barabarani, kwamba yeye anabeba kinachopakiwa, na kwamba dereva akianza kuuliza kila gunia lilizaliwa wapi hatafika Kasindi. Sikitu alimpenda mumewe, na siku ile alimwangalia mikono yake kwenye usukani akatamani asingekuwa anaipenda.

Depo ya Abdias ilikuwa na ua mpana. Kakao ilikuwa imeanikwa juu ya mahema, na vanila ilikuwa imelazwa kwenye mablanketi ya sufu, imefunikwa itoke jasho. Harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba nyuki walikuwa wanatembea chini. Abdias mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi, na aliwaletea viti na sucré, soda baridi, kabla hawajasema shida yao.

Séphora hakunywa. Aliinama kwenye blanketi la kwanza, akachukua kijiti, akatoa kizibo chake, akabandika sindano. Ziliingia. Akaenda la pili, ziliingia. Alitembea ua mzima akiinama na kuinuka, na vibarua wakampisha, na kila blanketi aliloligusa lilikuwa ni lile lile. Mwishoni alirudi mbele ya Abdias akashika kizibo mbele ya uso wake.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

Sikitu alijua jibu linalotakiwa ni maneno machache tu, na aliogopa kwamba Abdias atayameza.

"Ah, hii?" alisema Abdias. "Hii ni ya Mathe."

Hakusita wala hakushusha sauti.

"Ni ya Mathe, kila mutu anajua," aliendelea. "Njo vanille muzuri kupita yote. Banunuzi ba Bulaya banaiulizaka na jina: ile ya Mathe iko? Miye naitiaka pembeni, mu carton yake."

"Mathe ni bwana yangu," alisema Séphora. "Shamba ni yetu."

"Nakuamini, mama. Sindano inasema ukweli."

"Sasa nani anakuletea?"

"Inakuyaka na batu. Banakuya na bunduki, banapima, banaenda." Abdias aliisogeza chupa ya sucré karibu naye zaidi. "Mama, miye sina bunduki. Miye niko na balance ya kupimia."

Aliyasema hayo kwa masikitiko ya kweli; Sikitu alimchunguza akitafuta uongo na hakuuona, na hilo lilimtisha kuliko uongo. Abdias aliuliza kama kilio kilishakaliwa. Alipoambiwa bado, alikwenda kwenye blanketi, akachagua vijiti virefu zaidi, akavifunga kwa uzi mzuri na kumkabidhi Séphora kwa mikono miwili, kuwa rambirambi yake. Séphora alipokea. Angefanya nini? Nyuma yao vibarua walikuwa wanalipakia lori la Jamali, na katoni ya Mathe ilipanda ya kwanza.

Wakirudi Butembo, Séphora hakuwa mtu aliyeshindwa. Alikuwa na jibu, na jibu ndilo lililotakiwa. Tena alikuwa na fikira nyingine, aliyomweleza Sikitu walipofika kwenye baridi ya milima: kama keki inampeleka mtu kwa Mathe, basi labda Mathe akiila itamleta yeye huku. Atamchukulia kipande. Sikitu aliona ni fikira nzuri. Alioka siku iliyofuata, alfajiri, kwa vanila ya rambirambi, na hakuwahi kuoka kwa makini vile hata kwa Idd. Séphora alifagia chumba chake, akatandika mkeka mahali pa kumlaza, akawatuma watu wa ukoo habari kwamba wajiweke tayari kwa kilio.

Walikula, wakaenda pamoja. Séphora alikuwa ameficha kipande cha pili kwenye kiganja.

Mathe alikuwa kwenye mstari mwingine sasa, karibu na kijito, na maua yalikuwa mengi kuliko mara ya kwanza. Séphora hakumwamkia.

"Alisema," alimwambia. "Mununuzi alisema hii ni ya Mathe. Mbele ya batu bote. Mama Aisha alisikia."

"Nilisikia," alisema Sikitu.

Mathe alishusha mwiba. Uso wake ulilegea, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka, kama mtu yeyote aliyefanya kazi misimu mingi bila kuketi. Aliketi. Séphora alipiga magoti mbele yake akampa keki, na yeye akauliza ni nini.

"Ni vanille yako. Njo vile banailaka."

Mathe aliilima vanila tangu alipokuwa kijana, na baba yake kabla yake, na hakuna kati yao aliyewahi kuionja. Aliinusa kwanza. Akaimega, akatafuna polepole, akafumba macho, na wanawake wawili wakasubiri kiti cha Butembo, chumba kilichofagiwa, mkeka.

"Kumbe iko hivi," alisema Mathe. "Kumbe iko muzuri hivi."

Alikuwa palepale. Keki inampeleka mtu kwenye shamba la Mathe, na yeye alikuwa ameshafika.

Séphora alimshika mikono yote miwili. "Haina neno. Alikuitikia. Ulisema utaacha. Lala tu hapa, nitakuja na batu, tutakulilia hapa hapa."

"Alisema nini ingine?"

Sikitu angeweza kunyamaza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakunyamaza, na hakupata sababu zaidi ya kwamba alitaka kumfurahisha. "Alisema ndiyo nzuri kuliko zote," alimwambia. "Alisema wanunuzi wa Ulaya wanaiuliza kwa jina lako."

"Kwa jina?"

"Ile ya Mathe iko?"

Mathe alitabasamu. Lilikuwa tabasamu pana, la kijana, na Séphora alilitambua, maana ndilo alilolipenda zamani, na ndiyo sababu aliachia mikono yake. Mathe alisimama, akakung'uta magoti. Aliyatazama maua yote yaliyofunguka asubuhi ile, mstari baada ya mstari, hadi mwisho wa ukungu.

"Kesho," alisema. "Nitalala kesho. Leo unaona mwenyewe."

Akaokota mwiba.

Asubuhi iliyofuata sindano za kizibo zilikuwa zimelowa. Séphora alikuja kuzionyesha, akaketi jikoni kwa Sikitu akalia hadi ukungu wote ukaisha nje, na Sikitu akalia naye, kwa sababu ni yeye aliyesema. Watu wa ukoo walikuwa wamefika kwa ajili ya kilio. Waliambiwa kwamba marehemu bado yuko kazini, wakala chakula kilichoandaliwa, wakarudi kwao Lubero. Mkeka haukukunjwa. Halafu Séphora alifuta uso, akauliza kama ile keki imebaki. Ilikuwa imebaki. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mti wa ndimu wa Sikitu, akavunja mwiba.

Tangu hapo Séphora alikwenda na mwiba wake kuozesha maua kando ya Mathe, kila Jumamosi, na siku za maua kila asubuhi, kipande kimoja kimoja. Alijifunza kukiweka shavuni kiyeyuke taratibu. Alirudi na tope, na wakati mwingine alirudi anacheka, kwa kitu ambacho Mathe alikuwa amesema, na akishakumbuka aliko aliacha. Sikitu alikuwa na beseni la miguu ya Séphora peke yake, na halikutumika kwa kazi nyingine. Moshi wa kupikia, Séphora alisema, ulikuwa bado unapanda kwenye nyumba yao. Siku moja wale wenye bunduki walikuwa wameezeka bati jipya.

Idd kubwa iliporudi, dada yake Sikitu alimtumia kutoka Ujiji kichupa cha arki, kimefungwa kwenye soksi ya mtoto ili kisivunjike. Sikitu alikifungua kwa mikono iliyokuwa na haraka, akakiweka puani, akasubiri. Alinusa tena. Yalikuwa maji ya kahawia, yananukia chupa. Alimwita binti yake Aisha, akamnusisha kama alivyonusishwa yeye, na Aisha akasema inanukia vizuri. Sikitu akakifunga, akakiweka juu ya kabati, na moyo wake ulikuwa mzito kwa namna ambayo hangeweza kumweleza dada yake kwenye simu.

Jioni Jamali alirudi kutoka Beni bila vanila. Alivua kofia, akakaa.

"Nilimuuliza Abdias," alisema. "Anasema sasa vanille ya Mathe inakuyaka na alama mbili. Ile ya zamani, na ingine ya tundu mbili, kando yake. Banunuzi banaipenda zaidi. Anasema ya alama mbili iko na bei yake."

Sikitu alitazama nje. Séphora alikuwa anapanda njia na trei ya mayai kichwani, amevaa buti za shamba, sindano mbili zimechomekwa kwenye kitenge chake.

"Kesho uilete," alimwambia mumewe, akaenda kuchekecha unga.